Sifuri kwenye jedwali: binti wa Kiroma, sigara tatu kwa siku, na moyo usiohesabiwa

Februari, mji mdogo wa mashariki mwa Slovakia. Binti wa miaka 15, wa Waroma, jamii ya wachache ya Ulaya yenye asili ya India, ameingia na mama yake kwa daktari wa watoto, kwa uchunguzi ule wa kawaida ambao watoto wa nchi hiyo hufanyiwa kila baada ya miaka miwili. Amevaa jaketi la kaka yake, mikono imempita vidole. Hajakaa bado, chumba kimeshaanza kunuka moshi. Daktari anauliza swali lililo kwenye fomu: "Unavuta sigara?" Mama anamjibia: "Hapana, daktari, huyu bado mtoto." Binti anaangalia viatu vyake. Daktari anaandika "havuti", kisha anaendelea na macho, meno na uti wa mgongo.

Niseme mapema kwamba binti huyu hana jina wala faili popote. Ni kisa cha kufundishia, cha aina ile ambayo wanafunzi wa udaktari na uuguzi hupewa wakichambue. Mahali, tafiti na sheria nitakazozitaja ni halisi. Vipimo vya mwili wake nimeviweka mimi, kwa viwango ambavyo daktari wa eneo hilo asingevishangaa. Nimemchagua msichana kwa makusudi. Sababu itaonekana mbele.

Vipimo vyenyewe ni hivi. Urefu na uzito viko sawa na umri wake. Shinikizo la damu 124 kwa 76, limepimwa mara mbili kwa mkanda unaotosha mkono wake. (Hili la mkanda si dogo. Mkanda mpana wa mtu mzima kwenye mkono mwembamba wa mtoto hushusha namba, na kliniki yenye mkanda mmoja tu hukosea kila siku bila kujua.) Katika faili lake kuna kipimo cha kolesteroli cha miaka 4 iliyopita, kwa kuwa Slovakia huwapima watoto wote wakiwa na miaka 11 na tena wakiwa na 17. Kolesteroli nzuri, HDL, ilikuwa 0.95, chini ya mstari wa 1.03 unaotumiwa kwa watoto. Hakuna aliyeifuatilia. Alizaliwa na gramu 2,450. Mama alivuta sigara wakati wa mimba. Babu mzaa mama alifariki kwa moyo akiwa na miaka 49.

Ukimkabidhi binti huyu kwa chombo ambacho madaktari wa Ulaya hukitumia kukadiria hatari ya moyo, kile kiitwacho SCORE2 kilichotolewa mwaka 2021, hakitamjibu chochote. SCORE2 huanzia miaka 40. Hukuuliza umri, jinsia, unavuta au huvuti, shinikizo na kolesteroli, kisha hukwambia una asilimia ngapi ya kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miaka 10 ijayo. Kwa mtoto wa miaka 15 jibu la miaka 10 ni sifuri, au karibu na sifuri kiasi kwamba hakuna anayejisumbua kuliandika. Na jibu hilo ni sahihi. Binti huyu hatapata mshtuko wa moyo akiwa na miaka 25.

Kwa mtazamo wangu hapa ndipo kisa kinapoharibikia, kabla hata hatujafika kwenye sigara. Tunamwangalia kwa saa isiyo yake. Miaka 10 ni saa ya mtu mwenye miaka 50 anayeamua aanze vidonge au asianze. Kwa mtoto, kinachohesabika ni mishipa itakuwa imebeba moshi miaka mingapi siku atakapofikisha 40 na jedwali likakubali kumtambua.

Kinachotokea ndani ya mshipa

Ugonjwa wa moyo tunaouona kwa wazee haukuanzia uzeeni. Marekani walifanya utafiti mkubwa, unaojulikana kwa kifupi PDAY, uliochunguza miili ya watu karibu 3,000 wa miaka 15 hadi 34 waliokufa kwa ajali, kujiua au kuuawa, yaani watu ambao moyo haukuhusika na vifo vyao. Michirizi ya mafuta kwenye mshipa mkuu ilikuwapo tangu kwa wale wa miaka 15 hadi 19. Kwa waliokuwa wavutaji, mabaka yaliyokwisha kuinuka na kukakamaa yalikuwa mengi zaidi, hasa kwenye sehemu ya mshipa mkuu inayopita tumboni. Walijua nani alivuta kwa kupima kemikali kwenye damu, si kwa kuuliza ndugu. Jambo hilo tuliweke akilini.

Moshi unafanyaje kazi hiyo? Ukuta wa ndani wa mshipa wenye afya ni laini, nao hutoa gesi inayoulegeza mshipa upanuke damu inapozidi. Moshi wa sigara hudhoofisha uwezo huo. Nikotini huamsha homoni za kukimbia hatari: moyo unadunda haraka, mishipa inabana. Kaboni monoksidi hung'ang'ania hemoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inazunguka imebeba mzigo usio wake. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, hunata kirahisi. HDL hushuka, na ya binti huyu ilikuwa chini tangu ana miaka 11.

Kuna anayesema, "Sigara tatu kwa siku, si ni kidogo?" Kwa mapafu, idadi ina uzito mkubwa. Kwa moyo mambo hayaendi kwa ngazi zilizo sawa. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja tu kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya moyo ya anayevuta 20 ikiwa ni mwanamume, na kama theluthi ikiwa ni mwanamke. Sehemu kubwa ya madhara hutangulia na sigara za mwanzo. Ndiyo maana pia moshi wa mtu mwingine, ambao kwa vipimo ni kidogo, haufanyi madhara madogo.

Nyumba

Binti anaishi kwenye osada, kama Waslovakia wanavyoyaita makazi ya Waroma yaliyoko pembezoni mwa kijiji, mara nyingi ng'ambo ya mto au ya reli. Nyumba yao ni chumba na jiko. Jiko ni la chuma, la kuni, bomba lake limetoboka karibu na kiungo cha pili na kuzibwa kwa karatasi ya alumini. Watu 8. Dirisha moja, ambalo Februari halifunguliwi, kwani nje ni nyuzi 10 chini ya sifuri na kuni hununuliwa au hufuatwa msituni. Baba anavuta, mama anavuta, kaka mkubwa anavuta. Wanavutia ndani, mbele ya mlango wa jiko uliofunguliwa kidogo, wakiamini moshi unafuata bomba. Ukikaa pale jioni unaona kweli unanyooka kuelekea motoni kama nusu mita, kisha unakata kona na kupanda darini.

Katika lahaja za Kiromani za huko, kitenzi pijel ni kunywa, na sigara nayo hunywewa. Kihindi ni hivyo hivyo, na si ajabu, maana Kiromani ni ndugu yake: wazee wa Waroma walitoka kaskazini mwa India karne nyingi zilizopita. Msomaji wa Bujumbura, Kigali au Bukavu atakuwa ameshatabasamu, kwa sababu huko nako tumbaku hunywewa. Sisi wa pwani tunaovuta tunafikiria kitendo cha mdomo wa mtu mmoja. Wanaokunywa wana picha iliyo karibu zaidi na chumba kile: kilichomiminwa kinamfikia kila aliyemo.

Finland waliwafuata watoto tangu mwaka 1980 mpaka utu uzima, damu yao ikiwa imehifadhiwa kwenye barafu. Miaka mingi baadaye waliipima kotinini, mabaki ya nikotini mwilini, kisha wakaangalia mishipa ya shingo ya watoto wale wale sasa wakiwa watu wazima. Waliolelewa na wazazi wavutaji walikuwa na mabaka mengi zaidi. Wale ambao wazazi wao walivuta lakini damu ya mtoto ikawa safi, maana yake walijitahidi kuvutia mbali, hatari yao ilipanda kidogo. Wale ambao damu ilionyesha moshi, hatari ilikuwa kama mara 4. Kwa mama wa osada matokeo haya yana habari njema ndani yake, ila hakuna aliyempelekea: hata asipoweza kuacha leo, akivutia nje ya mlango anapunguza kitu.

Nje ya mlango, Februari, na mtoto mchanga mkononi. Ni rahisi kushauri ukiwa kwenye chumba chenye joto.

Nani hasa anavuta

Hapa ndipo nilipomhitaji msichana. Watu wengi, hata wa afya, wanaanza na jumla jumla: Waroma wanavuta, ni utamaduni wao. Tuangalie kilichopimwa.

Watafiti wa Košice waliwahoji vijana wa umri wa miaka 14 na 15 hivi, Waroma 330 na wasio Waroma 722. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010, vijana wa Kiroma, na hasa wasichana, walitaja tabia hatarishi chache kuliko wenzao, isipokuwa kukosa mazoezi. Msichana wa Kiroma wa miaka 14 hakuonekana kuwa kinara wa sigara hata kidogo. Sasa nenda kwenye utafiti mwingine wa mji huohuo, HepaMeta wa mwaka 2011, uliowapima Waroma 452 na wasio Waroma 403 wa miaka 18 hadi 55 mashariki mwa Slovakia. Huko uvutaji kwa Waroma uko juu, na pengo la wanawake ndilo linaloshtua zaidi.

Basi kati ya miaka 14 na 25 kuna mlango ambao wasichana hawa wanapitia, na upande wa pili wengi wana sigara mkononi. Kama ungekuwa utamaduni kwa maana ya kitu kinachorithiwa tangu utotoni, tungeuona mapema. Tunachokiona ni kitu kinachoingia na kuacha shule, kuolewa, mimba ya kwanza, kukaa nyumbani mchana kutwa na wakwe na shemeji ambao wote wanavuta. Sigara inakuwa kiti cha kukalia: anayevuta ana haki ya kupumzika dakika tano, asiyevuta anaambiwa akachote maji. Haya ya mwisho ni tafsiri yangu, lakini yeyote aliyewahi kufanya kazi jikoni hotelini au kwenye ujenzi anajua mapumziko ya sigara yanavyowanufaisha wavutaji.

Kuna tafsiri nyingine, na lazima ipewe nafasi. Huenda wasichana wale hawakusema. Dodoso limegawiwa darasani, mwalimu amesimama mbele, dada wa mtu yuko dawati la nyuma. Binti wetu alikuwa na mama yake pembeni, na mama akajibu. Si uongo wa tabia mbaya. Sensa ya Slovakia ya mwaka 2011 iliwapata watu 105,738 waliosema wao ni Waroma, wakati atlasi ya serikali yenyewe, iliyotembelea makazi moja baada ya jingine, ilihesabu zaidi ya 400,000. Karibu watu laki tatu walioulizwa na serikali "wewe ni nani" walitoa jibu lenye usalama. "Havuti, daktari" inatoka kwenye shule hiyohiyo.

Na shule hiyo ina mtaala wake. Wanawake wa Kiroma walifungwa uzazi hospitalini bila ridhaa ya kweli, enzi za Chekoslovakia na hata baada yake. Mwaka 2011 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliihukumu Slovakia katika shauri la mwanamke aliyefanyiwa hivyo mwaka 2000, akiwa kwenye uchungu wa kujifungua, kwa karatasi iliyowekwa mbele yake asaini. Serikali iliomba radhi Novemba 2021. Mama wa binti wetu alikuwa msichana mambo hayo yakitendeka kwa shangazi zake. Akimwona mwenye koti jeupe na kalamu, anapima neno kabla ya kulitoa.

Vipi kuhusu damu, yaani urithi? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Debrecen, Hungaria, waliliuliza swali hilo kwa vipimo vya jeni, na majibu yao mawili yanafaa kuwekwa pamoja. Katika chapisho la mwaka 2016 hawakupata msingi wa kijeni wa Waroma kuvuta kwa wingi. Sababu zitafutwe kwenye maisha. Katika chapisho la mwaka uliofuata walikuta kwamba HDL ya chini inayoonekana sana kwa Waroma ina mchango wa jeni. Kwa hiyo binti huyu pengine amerithi ulinzi mdogo wa mishipa, kisha amewekwa kwenye nyumba ambamo moshi unaula hata huo mdogo. Atakayesema "wameumbwa hivyo" ameshika nusu isiyo sahihi.

Daftari la duka

Sigara tatu za binti zinatoka wapi? Sheria ya Ulaya ya mwaka 2014 inataka pakiti iwe na sigara zisizopungua 20, na Slovakia hairuhusu kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Kwenye osada kuna mtu mmoja mwenye friji na kabati nyumbani, anauza sukari, unga, maziwa ya kopo na sigara. Pakiti iko wazi. Sigara moja moja, kama kibanda chochote cha Manzese au Mwembe Tayari. Hana senti? Haina shida. Waslovakia husema kununua "kwenye shoka", na sisi tungesema kwenye daftari. Inaandikwa chini ya jina la baba.

Pakiti zenyewe mara nyingi hazina stempu ya ushuru ya Slovakia. Mpaka wa Ukraine uko karibu, na bei ng'ambo ni ndogo sana. Julai 2012 polisi waligundua handaki la mita 700 hivi kutoka Uzhhorod hadi upande wa Slovakia, lina reli na kigari, kazi yake kubwa kupitisha sigara. Ushuru unapopandishwa Bratislava, mji mkuu, ili vijana wapunguze, habari hizo hazifiki kwenye kabati lile kwa namna iliyokusudiwa. Familia inabaki na deni, na deni kwenye osada lina wenyewe: wakopeshaji wa riba ambao siku ya kulipwa ruzuku huwa wameshasimama nje ya posta.

Kwa hiyo binti akiambiwa "acha", anaambiwa aache kitu ambacho hakinunui kwa pesa anazoziona. Anachukua moja asubuhi, kwa kutumwa na kaka. Kaka anamwachia kipande. Anachukua nyingine mchana, yake. Ya jioni wanavuta pamoja na dada mkwe, mlangoni. Miezi minne sasa. Asubuhi asipopata, anasema, kichwa kinakuwa "kama kina pamba". Watoto huingia kwenye uraibu kabla hawajafikia kuvuta kila siku, tofauti na watu wazima wanavyokumbuka safari yao wenyewe.

Pumzi

Turudi Februari, tumpe kisa mwisho mwingine. Katika mlango wa kliniki kuna mwanamke wa Kiroma wa miaka 40 na kitu, mfanyakazi wa afya wa jamii. Slovakia wanao mamia, wanalipwa kupitia taasisi ya Wizara ya Afya iitwayo Zdravé regióny. Romania wizara ilianza na wao mapema zaidi, mwaka 2002. Watoto wanamwita bibi. Kwa Kiromani bibi ni shangazi, si nyanya, lakini heshima ni ileile. Anamwomba daktari dakika tano. Anamwambia mama akapumzike nje, kuna chai. Halafu anamuuliza binti kwa lugha yao, na haulizi kama anavuta. Anauliza ya kwanza huwa saa ngapi.

"Saa moja."

Daktari anatoa kipima pumzi, kijichombo cha mkononi chenye mrija wa karatasi, kinachopima kaboni monoksidi. Vuta hewa, ishikilie sekunde 15, ipulize polepole mpaka mwisho. Binti anacheka katikati, wanaanza upya. Namba zinapanda kwenye kioo: 4, 7, 9, zinasimama kwenye 11. Anakishika kijichombo kwa mikono miwili na kukiangalia kama simu iliyopokea ujumbe. "Hiyo ni sigara?"

Swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo. Kwa kijana, namba juu ya 5 au 6 kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya mvutaji. Lakini kaboni monoksidi haina anwani. Ile ya sigara na ile ya jiko lenye bomba lililotoboka ni gesi moja. Sigara ya saa moja asubuhi, kufikia saa tano, imeshapungua karibu nusu mwilini. Usiku kucha karibu na jiko nao umo humo. Daktari mwenye haraka angeandika 11, mvutaji, na angekuwa amepata jibu sahihi kwa njia mbaya. Mdogo wake wa miaka 6, ambaye hajashika sigara, angeweza kusoma 7 na kuitwa mwongo.

Cha kutofautisha ni kotinini, kwenye mate au mkojo. Hiyo hutoka kwenye nikotini tu, jiko halina, na hukaa mwilini siku kadhaa. Kwenye mate, anayevuta mwenyewe huwa na makumi au mamia ya nanogramu kwa mililita. Anayevutishwa na wengine huwa na tarakimu moja. Sampuli ya mate ilichukuliwa kwenye kijiti cha pamba. Ya mdogo wake pia, maana alikuja wiki iliyofuata kwa kikohozi.

Matokeo: binti 61, mdogo wake 5.

Mimi ningeipa 5 nafasi sawa na 61. Ya dada inaonyesha uamuzi wa mtu wa miaka 15, tena uamuzi uliobanwa. Ya mdogo haionyeshi uamuzi wake wowote. Ni saini ya nyumba. Na fomu ya kliniki haina swali linaloweza kuipata. Swali lake ni "unavuta?", na mtoto wa miaka 6 atajibu ukweli kwamba havuti.

Kilichofanyika

Dawa hazikupewa nafasi kubwa. Plasta na bazoka za nikotini zina ushahidi hafifu kwa vijana, na vidonge vya kuachia sigara havijaidhinishwa kwa walio chini ya miaka 18. Kinachoonekana kusaidia kidogo, kwa mujibu wa tafiti zilizokusanywa, ni mazungumzo ya kikundi. Bibi alikuwa tayari ana wasichana 6 waliokuja kwake Alhamisi kusuka nywele na kujipaka rangi ya kucha. Hakukitangaza kuwa kikundi cha kuacha sigara. Aliazima kipima pumzi, akakiweka mezani karibu na chupa za rangi, akawaacha washindane kushusha namba. Daktari alisitasita, aliona ni mchezo. Ulikuwa mchezo, ndiyo.

Shinikizo la 124 halikutibiwa; kwa mwongozo wa Marekani limepanda kidogo, kwa wa Ulaya bado ni la kuangaliwa, na kwa vyovyote hupimwa upya siku nyingine asubuhi kabla ya sigara ya kwanza. HDL ikaagizwa irudiwe sasa, badala ya kungoja afikishe 17. Historia ya babu ikaandikwa juu ya faili kwa kalamu nyekundu. Kwa mama hakuna aliyetoa hotuba. Bibi alimwambia habari za watoto wa Finland, kwa maneno yake, na kwamba mlango wa jiko hauvuti moshi kama wanavyodhani. Mama akasema hilo anajua, ila nje kuna upepo. Wakakubaliana ukumbi mdogo wa mbao ulioko mlangoni uzibwe upande mmoja. Mume wa bibi alikuwa na mbao.

Lililowachukua muda mrefu zaidi ni bomba. Kipande cha mita moja cha bomba la jiko ni pesa kidogo, lakini hakuna fungu la afya linaloweza kununua bomba, na fungu la makazi haliangalii pumzi za watoto. Barua tatu ziliandikwa. Mwishowe kilitoka kwenye jumba lililobomolewa, kikiwa na masizi ya mtu mwingine ndani yake.

Kuna namba moja ambayo ningemwandikia binti huyu ukutani kama angeniruhusu. Madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa kwa miaka 50, tangu 1951, walionyesha kwamba mvutaji wa kudumu hupoteza miaka 10 hivi ya kuishi, na anayeacha akiwa na miaka 30 huirudisha karibu yote. Tume ya Ulaya nayo, ikitangaza mkakati wake wa Waroma mwaka 2011, ilikadiria kwamba Mroma huishi miaka 10 pungufu ya Mzungu wa kawaida. Hizi 10 mbili si kitu kimoja, na sitaki kuzifanya moja. Umaskini una njia nyingi za kuua ambazo hazipitii kwenye sigara. Lakini binti ana miaka 15, nusu tu ya ile 30, na mlango wa kuolewa bado haujafunguliwa.

Julai walimpima tena. Kipima pumzi kilisoma 3. Wasichana wengine walipiga makofi, na daktari akaanza kuandika. Bibi akamshika mkono. Jiko, akamkumbusha, siku hizi linawashwa saa moja tu kwa siku, mlango ukiwa wazi, na bomba ni jipya. Tatu hiyo inaweza kuwa sigara iliyoachwa, inaweza kuwa kiangazi.

Daktari akaweka kalamu chini, akamgeukia binti. Mama alikuwa ameketi palepale kwenye kiti chake cha Februari, na safari hii alinyamaza.

"Moja," binti akasema. "Ya jioni. Na dada mkwe."

Ikaandikwa hivyo.